Tochi Inakula Mawe

Mwenye duka alivumilia nilipoiangusha tochi yake sakafuni mara ya kwanza, akavumilia na ya pili. Ya tatu ikamshinda. "Dada yangu," akasema, "hiyo ukiipasua umeinunua." Nikamjibu kwamba kama ni ya kupasuka basi ipasuke hapa mbele yetu watu wazima, isingoje kupasukia mkononi mwa mtoto wa miaka miwili. Akatikisa kichwa, akaniletea nyingine.

Alikuwa ameshazijaza kaunta nzima: ya chuma, ya kuvaa kichwani, nyembamba ya kuchomeka mfukoni, na moja ya kijani yenye umbo la chura, mdomo wake ndio taa. Kila niliyoishika niliigeuza nyuma kutafuta mahali pa betri. Kifuniko kikifunguka kwa ukucha, naiweka pembeni. Kikiteleza kwa kidole gumba, pembeni. Niliuliza kama mwanga wake hauumizi macho, maana mtoto lazima atajimulika usoni, na kama kile kikamba cha kuning'inizia kinakatika kikivutwa, asije akajinyonga nacho. Mwenye duka akaniuliza nanunua tochi au kufuli. Wateja wakacheka, na mimi nikacheka nao ili nisionekane nimechanganyikiwa.

Kisha nikamgeuza yule chura. Tumbo lake lilifunguka kwa ukucha mmoja, na betri mbili bapa zikaniangukia kiganjani. Zilikuwa za baridi, zinang'aa. Nilisikia harufu ile ya chuma, au labda niliikumbuka tu, na mate yakanijaa mdomoni. Nilijikuta nimekaa juu ya ndoo ya rangi, mwenye duka akinipepea kwa kipande cha boksi na kuniuliza, "Dada, una presha?"

Sina presha. Nina mdogo wangu anaitwa Beni, na Beni ana binti anaitwa Vero, na umeme ukikatika pale kwao Mlabani Vero hulia mpaka anapaliwa. Beni alinipigia simu kwa ile sauti yake inayokwaruza, akaniomba: "Dada, mtafutie mwanao tochi yake mwenyewe. Iwe imara, isiwe na madhara. Mimi watanipa chochote, wewe ndiye mwangalifu." Mwangalifu! Niliona aibu peke yangu na simu sikioni. Angejua, asingenituma mimi.

Ninyi wa rika langu mnakumbuka kwamba betri hatukuziita betri. Tuliziita mawe. Redio ya baba ilikula mawe manne, tochi yake ndefu ya bati ilikula matatu. Mtu alikwenda dukani akasema nipe mawe, na hakuna aliyemletea kokoto. Mawe yakichoka hayakutupwa. Yalianikwa juani yapate nguvu, yakarudishwa, na redio ikaongea tena siku mbili tatu kwa sauti ya mgonjwa. Wengine tuliyang'ata kwa meno, tukayaonja kwa ncha ya ulimi kuona kama bado yana nguvu. Leo nikiwaza kwamba watu wazima walituona tukifanya hivyo, wakanyamaza, nasisimka mwili.

Kila mvua zilipokolea tulifunga mlango wa nyumba yetu ya Mlabani, tukavuka mto pale Kivukoni, tukahamia shambani kwenye mpunga mpaka mavuno. Huko tulikuwa na kibanda cha miti na nyasi, na watu watano: baba, mama, bibi mzaa baba, mimi niliyekuwa sijaanza shule, na Beni. Beni alikuwa amepita mwaka na nusu na alikuwa hajasimama. Alikaa. Ukimweka hapa, ukienda ukirudi unamkuta hapa, anakuchekea. Watoto wa umri wake walishaanza kukimbizwa kwenye madimbwi.

Bibi alikuwa na tiba yake. Alichimba kishimo kifupi pembeni ya kibanda, akamsimamisha Beni humo, akamfukia udongo hadi magotini ili miguu izoee kazi. Baada ya hapo alimlaza mkekani miguu ikitazama jua la asubuhi, akisema jua litamtia nguvu. Na kwa kuwa mkeka ulikuwa mmoja, mawe ya redio yaliyochoka yalianikwa pale pale, karibu na nyayo za Beni. Bibi aliyageuza mawe, akamgeuza Beni. Mimi nilikaa pembeni nikiangalia, na hakuna aliyenieleza kwamba hayo yalikuwa mambo mawili.

Siku moja nilimsikia mama akimwambia bibi, "Mavuno hayo yanakuja. Huyu asipotembea nitamwacha wapi mimi?" Alikuwa anauliza swali la mama yeyote mwenye mundu mkononi na mtoto mzito mgongoni. Mimi nilisikia kingine. Nilisikia kwamba Beni ataachwa. Nilijua sehemu za kuachwa, zilikuwa pande zote: mbuga iliyojaa maji, matete, vijia vya viboko. Kuanzia hapo kila mama alipojifunga khanga kwenda kuamia ndege wasile mpunga, nilihesabu kama Beni bado yupo.

Baba akarudi kutoka mnadani Kiberege na zawadi yangu. Kilikuwa kitochi cha bluu cha kuning'inizia funguo, kidogo kama kidole gumba, ukikibinya kinawaka, ukikiachia kinazima. "Cha kwendea chooni jioni," akasema. "Usimpe mtoto."

"Baba, kinakula nini?"

"Kinakula vijiwe viwili." Akachomeka ukucha pembeni, kikafunguka, akanionyesha. Vilikuwa bapa, vimelaliana, vyeupe. "Unaviona vidogo hivi? Vina nguvu kuliko yale makubwa ya redio."

Nataka niwe mkweli hapa, maana katika habari hii nimekuwa mwongo miaka mingi. Sikucheza. Sikusahau maneno ya baba. Nilikaa na jambo lile siku mbili nzima, nikaliwaza kama mtu mzima anavyowaza. Yale mawe makubwa yalipewa jua na hayakupona vizuri. Beni alipewa jua na hakupona. Sasa vimekuja vijiwe vidogo vyenye nguvu kuliko makubwa, vinavyotosha mdomo mdogo. Na nilikuwa na viwili. Kimoja kingebaki kwangu.

Asubuhi ya tatu mama na baba walikuwa mpungani, bibi yuko nyuma ya kibanda anapepeta. Beni alikuwa mkekani na kikombe chake cha uji. Nilifungua kitochi kwa ukucha kama nilivyoonyeshwa, nikatoa kijiwe kimoja, nikakipangusa kwenye gauni langu kiwe safi. Nikamwambia, "Aam." Beni alinipenda, alifungua kinywa kila nilipomwambia aam. Nikaweka kijiwe juu ya ulimi, nikafuatisha uji. Alikohoa, macho yakamtoka, yakajaa machozi, akapiga mkeka kwa mikono. Nikamfuatishia uji mwingine. Kisha akameza, akatulia, akanitazama.

Nikamshika mikono yote miwili, nikamwambia, "Simama."

Nilisubiri. Naikumbuka mikono yake ilivyokuwa na uji, na mimi nilivyokuwa na hakika.

Hakusimama. Kabla jua halijafika utosini mate yalikuwa yanamchuruzika hadi kifuani, mengi, na hakutaka kunywa chochote. Mama aliporudi akampa ziwa, akalishika, akaliachia, akalia kilio kifupi kama kimekatwa. Bibi akamchukua, akamfungua kinywa kwenye mwanga, akachungulia. "Kimeo hiki," akasema. Kimeo ni kile kidude kinachoning'inia kooni, wenyewe mnakijua, na wakati ule mtoto akikohoa tu au akikataa kula, wengi walikilaumu hicho na kumtafuta fundi wa kukikata. Fundi alikuwa kitongoji cha pili. "Kesho alfajiri baba yake amkimbize. Kimemrefukia huyu."

Kukatwa! Nilijua alichokuwa nacho Beni kooni, na nilijua si cha kukatwa. Nikajikaza. "Bibi," nikasema, "Beni amekula jiwe."

Bibi akanitazama, kisha akacheka, kicheko cha mtu aliyepunguziwa mzigo. "Jiwe tu? Mjukuu wangu, wewe uliumaliza ukuta wa jiko kwa kuulamba, na leo si huyo umesimama? Jiwe litatoka lenyewe." Akamgeukia mama. "Basi ndilo lililomkwaruza, kimeo kikavimba."

Na mama akashusha pumzi. Niliona mabega yake yakishuka, na yangu yakashuka pia. Wakubwa wamesema litatoka. Nilishinda nikimfuata Beni na kuchungulia nepi yake kila ilipofunguliwa, nikitafuta kitu kinachong'aa. Hakikuwemo. Jioni nilikibinya kitochi changu, nacho hakikuwaka, kwa sababu kijiwe kimoja hakikitoshi. Usiku wake sitausimulia. Niliogopa kulala, niliogopa kuwa macho, na kila Beni alipokoroma kwa mate yale nilijifunika khanga ya bibi kichwani.

Asubuhi mate yake yalikuwa na damu. Siyo nyingi, ni mistari tu, ya kahawia. Baba alikuwa ameshatoa baiskeli, mama amekaa kwenye keria na Beni kifuani, bibi anawaagiza wamwambie fundi achemshe wembe kwanza. Wembe ndio ulionifumbua mdomo. Wakaondoka, wakafika kwenye tuta la kwanza la mpunga, na mimi nikawa nakimbia nyuma yao miguu mitupu, kitochi mkononi.

"Baba! Jiwe si la chini!"

Hakusikia, au hakuelewa. Nani angeelewa? Nikakimbia mpaka nikashika keria.

"Jiwe la tochi, baba! Amekula jiwe la tochi!"

Baiskeli ilisimama. Baba alishusha mguu mmoja, akanyoosha mkono, nikampa kitochi. Akakifungua. Kijiwe kimoja kilimwangukia kiganjani, akakitazama, akatazama nafasi ya mwenzake. Mama akaanza kusema, "Mungu wangu, Mungu wangu," polepole.

"Alikitoa nani?" baba akauliza.

Nikasema, "Alikitoa mwenyewe."

Beni, ambaye kijiko tu kilikuwa kinamtoroka mkononi. Baba alinitazama usoni, kisha akaishika mikono yangu, akazitazama kucha zangu. Nilijua anaziona. Nilingoja kofi, na laiti angenipiga ningelia yakaisha. Hakunipiga. Alifumba kile kijiwe kilichobaki kwenye ngumi, akaigeuza baiskeli upande wa mto, akasema, "Panda mbele. Utakwenda kumwambia daktari kilikuwa cha namna gani."

Sijui tulifikaje Kivukoni. Nakumbuka pumzi ya baba juu ya utosi wangu, na mama nyuma akisali Salamu Maria bila kumaliza hata moja. Wakati huo daraja lilikuwa halijajengwa, na kivuko kilikuwa ng'ambo ya pili kinapakia malori, kimetulia kama hakina haraka na mtu yeyote. Maji yalikuwa mapana, ya rangi ya chai ya maziwa. Baba akateremka mpaka kwenye mitumbwi akimwita mvuvi mmoja aliyekuwa anatoa samaki kwenye nyavu.

"Shikamoo, mzee. Tuvushe, mtoto anakufa."

"Marahaba. Ana nini?"

"Amemeza betri."

Ndipo nilipolisikia neno hilo kinywani mwa baba kwa mara ya kwanza. Hakusema jiwe. Mvuvi hakuuliza tena, akamwaga samaki wake mchangani na kushika pondo. Nilikaa chini kabisa mtumbwini, maji yakinilowesha, mbele yangu miguu miwili ya Beni ikining'inia kutoka kwenye mapaja ya mama. Alikuwa ameacha kulia. Watu huogopa mamba kwenye mto ule, na viboko, na wana haki. Mimi niliogopa ile miguu. Niliitazama ng'ambo hadi ng'ambo nikiiomba itingishike, hata mara moja tu, wala nisingeiomba tena itembee.

Hospitalini walimpiga picha. Daktari aliinua picha kwenye mwanga na sisi wote tukaona, hata mimi: mifupa ya Beni midogo ya kijivu, na katikati, chini kidogo ya koo, duara jeupe. Akaniinamia mimi. "Ilikuwa ya namna gani?" Baba akafumbua ngumi, ile betri ya pili ikiwa imemchora alama kiganjani. "Kama hii," nikasema. "Alimeza lini?" "Jana, wakati wa uji." Daktari akamwambia nesi jambo kwa haraka, wakamchukua Beni wakakimbia naye, na viatu vyao vikawa vinalia sakafuni. Baadaye tulielezwa kwamba betri ya namna ile ikikwama haikai tu kama sarafu. Inaunguza, hata ikiwa nzima, hata ikiwa imechoka. Mimi nilikuwa nimemlisha mdogo wangu moto, tena na uji juu yake.

Waliitoa. Nesi alituonyesha kwenye kisahani cha chuma, imekuwa nyeusi upande mmoja. Beni alikaa wodini mpaka mpunga wetu ukavunwa na majirani, akila kwa mpira uliopitia puani, na koo lilipopona lilipona na kovu. Ndiyo ile sauti. Watu wakimpigia simu mara ya kwanza humuuliza kama ana mafua. Nyama hatafuni haraka, kila tonge analisindikiza na maji, na sherehe zote yeye huwa wa mwisho kunyanyuka mezani.

Tangu siku hiyo nyumbani kwetu hakuna aliyetamka mawe kwa maana ya betri, hata bibi. Hatukukatazwa, neno lilikufa tu. Habari yenyewe ikatulia kwenye maneno matatu: Beni alimeza betri. Yalisemwa kwa wageni, kwa walimu, kwa mkewe alipoolewa. Baba aliishi miaka mingi baada ya hapo na hakunigusia kucha zangu hata siku moja, na tulipomzika nililia kwa sababu mbili. Ya kwanza waombolezaji wote waliijua.

Basi pale dukani nilisimama kutoka kwenye ndoo, nikamrudishia mwenye duka chura wake, na nikamwomba asimuuzie mtu mwenye mtoto. Akaniahidi, ingawa najua atamuuza. Nilichukua ya njano, ya mpira mnene, inayolala vizuri mkononi mwa mtoto, isiyo na kamba. Mwanga wake umetulia. Inachajiwa kwa jua, ina kioo chake mgongoni, na tumbo lote limefungwa kwa skrubu nne. Niliijaribu kwa ukucha, kisha kwa meno, mbele za watu. Haikufunguka.

Nilifika kwa Beni jua limeanza kulegea. Alikuwa kibarazani na Vero. "Shikamoo dada," akakwaruza, na Vero naye akaniamkia kwa haraka zake huku macho yakiwa kwenye mfuko. Nikampa. Akaikumbatia, akaibonyeza, ikawaka mchana kweupe, akapiga kelele za furaha. Akaizungusha, akaipapasa tumbo, akanitazama.

"Shangazi, inakula nini?"

Sijui alilitoa wapi. Nadhani kwa mtoto wa umri ule kila kitu kinakula. Beni akacheka, "Inakula jua, mama," lakini mimi nikajua nisiposema pale sitasema mpaka nizikwe.

"Beni," nikasema. "Hukuimeza mwenyewe. Mimi nilikulisha."

Hakuuliza ni nini. Vero alikuwa anamulika kuku.

"Kwa nini?" akauliza, na sauti ile haikuwahi kunikwaruza kama siku hiyo.

"Ulikuwa hutembei. Walisema vile vidogo vina nguvu. Nilitaka utembee."

Kisha akanyanyuka, akatembea mpaka ndani. Nilimsikia anavuta droo. Nikainamisha kichwa, nikangoja kama nilivyongoja kofi la baba. Akarudi na bisibisi, akaichukua tochi kwa Vero, akachuchumaa, akakaza skrubu moja baada ya nyingine, hata zile zilizokuwa zimeshakazwa, mpaka ya nne. Akamrudishia mtoto.

"Haya," akamwambia. "Mshukuru shangazi."